Gari Kuukuu la Mwalimu: Kipya Kinyemi, Lakini kwa Gharama Gani?

Kila shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, mjadala mmoja huzuka katika vyumba vya walimu, nao hauhusu mtihani wala mtaala. Ni mjadala wa gari. Mwalimu ambaye gari lake limemtumikia kwa miaka kumi na zaidi hujikuta kwenye njia panda: je, alitie fedha tena gari hilo lililochakaa, au aliuze atafute jingine?

Hivi karibuni mwalimu mwenzangu, ambaye nyumba yake iko kilomita 22 kutoka shule anakofundisha, alinijia na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa hesabu ya fundi wake: mkanda wa injini, rediata, breki za mbele na springi, jumla shilingi 90,000. Ya pili ilikuwa fomu ya mkopo wa shilingi 900,000, ambayo ilisubiri sahihi yake tu. Alikuwa amemwomba fundi ushauri kabla ya kuondoka gerejini. “Fundi, niambie kweli,” alimsihi, “niendelee nalo au niliache?” Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akamjibu: “Mwalimu, injini hii ingali na uhai. Kilichochoka ni miguu.”

Jibu hilo halikumtuliza. Kifunguamimba wake yuko mwaka wa pili chuoni, na mdogo wake anajiandaa kuingia shule ya upili. Kosa la hesabu katika uamuzi huu halitamuumiza yeye peke yake. Litawafika watoto hao kupitia karo itakayochelewa.

Lugha yetu nayo haikutuachia jibu moja. Wahenga walitwambia kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakatuonya vilevile tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali ya kwanza inaeleza tamaa ilivyo, na ya pili inatuonya dhidi yake. Hata hivyo, hakuna methali itakayomtilia mtu sahihi kwenye fomu ya mkopo. Sharti tupige hesabu.

Rai yangu ni kwamba swali lenyewe aghalabu tunalikosea tangu mwanzo. Tunasema tunachagua baina ya gari kuukuu na gari jipya. Waama, Wakenya walio wengi huchagua baina ya gari kuukuu wanalolijua na gari kuukuu wasilolijua. Na hili la pili huja likiwa limefungashwa pamoja na deni.

Tuanze na neno hilo “jipya”. Kwa mujibu wa kiwango KS 1515:2000 kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lililotumika ughaibuni haliruhusiwi kuingia nchini ikiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa kuwa magari ya umri mdogo ni ghali, wengi wetu hununua yale yaliyokaribia ukingo wa mpaka huo. Gari hushuka melini Mombasa likiwa na miaka saba, likaoshwa, likapakwa nta, likawekwa uani kwa muuzaji, nasi tukalipokea kwa sherehe na maombi kana kwamba limetoka kiwandani jana.

Nambari za usajili nazo huchangia hadaa hii. Mfululizo wa KAA ulianza mwaka 1989, wa KBA mwaka 2007, na wa KDA mwaka 2020. Majirani huzisoma herufi hizi kama wasomavyo matokeo ya mtihani, na mwenye herufi za zamani huonekana amebaki nyuma. Lakini herufi hizo hueleza siku gari liliposajiliwa hapa Kenya. Hazisemi lilitengenezwa lini. Gari lililoundwa mwaka 2013 na kuingia nchini mwaka 2020 liliweza kuvaa KDA, likapita kwa majivuno kando ya gari lenye KCU lililoundwa mwaka uo huo.

Ni vyema pia kujiuliza kwa nini mwenye gari hilo huko Japani aliliacha. Nchini humo gari jipya la kibinafsi hufanyiwa ukaguzi mkali baada ya miaka mitatu, na baadaye kila miaka miwili. Ukaguzi huo, uitwao shaken, hugharimu fedha nyingi, na kila unapokaribia mwenye gari hujiuliza kama linastahili gharama hiyo. Isitoshe, gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya kila mwaka huongezeka. Mjapani basi alikaa na swali lilelile linalomkosesha mwenzangu usingizi, akapiga hesabu zake, akaamua kuliuza. Jibu lake ndilo tunalolinunua. Huenda aliliuza likiwa zima kabisa, kwa sababu ya ushuru tu. Huenda pia aliliuza kwa sababu ya mlio aliousikia kila asubuhi. Sisi hatumjui, na mita ya kilomita, ambayo huweza kurudishwa nyuma na wajanja, si shahidi wa kutegemewa.

Jambo hili si la Kenya pekee. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao yake Gigiri, Nairobi, ilionyesha mwaka 2020 kwamba baina ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa katika nchi za nje. Takriban asilimia 80 yalikwenda katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, na zaidi ya nusu yakafikia Afrika. Bara letu ndilo lipokealo majibu ya maswali ya wengine.

Haikuwa hivi siku zote. Walimu waliostaafu watakumbuka enzi ambapo Peugeot 504 lilikuwa gari la mwalimu mkuu, la daktari wa wilaya na la matatu ya masafa marefu kwa wakati mmoja. Lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na liliunganishwa humu humu nchini. Vipuri vyake vilipatikana, na fundi wa kijijini alilijua kama aijuavyo baiskeli. Gari lilipochakaa lilitengenezwa, kwa kuwa kuagiza jingine kutoka nje kulihitaji leseni na fedha za kigeni ambazo hazikupatikana kwa urahisi. Vizuizi hivyo vilipolegezwa mapema katika miaka ya tisini, mlango ulifunguka kwa magari yaliyotumika. Yalileta nafuu kubwa, hilo halina ubishi. Watu ambao wasingeota kumiliki gari walilimiliki. Lakini pamoja na nafuu hiyo tulijifunza tabia mpya: kuitibu kila kasoro ya gari kwa kulibadilisha.

Sasa tutazame gharama. Mwaka 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha kwa magari kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa gari la petroli lenye injini isiyozidi sentimita 1,500 za ujazo ni asilimia 20, kisha ushuru wa thamani ya ziada (VAT) wa asilimia 16. Mwanafunzi wa hisabati atambue kwamba viwango hivi havijumlishwi tu; kila kimoja hutozwa juu ya kile kilichotangulia. Tuchukue gari ambalo thamani yake ya forodha imekadiriwa kuwa shilingi 500,000. Ushuru wa forodha ni 175,000, jumla inakuwa 675,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 ya jumla hiyo, yaani 135,000, na sasa tumefika 810,000. VAT ni 129,600. Kabla ya ada nyingine za uagizaji, gharama za bandari na faida ya muuzaji, gari la 500,000 limekuwa la 939,600. Si ajabu basi likamfikia mwalimu kwa shilingi 1,250,000.

Bei hiyo ndiyo aliyotajiwa mwenzangu. Gari lake la sasa lingeuzwa kwa 350,000, na zilizosalia, 900,000, zingetoka kwenye mkopo. Kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka inayotozwa juu ya salio, na muda wa miezi 48, angelipa takriban shilingi 24,600 kila mwezi. Mwisho wa yote angekuwa amelipa kama 1,180,000, ambapo 280,000 ni riba tupu.

Hapo ndipo hati ya mshahara inapoingia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote kwa jumla yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Mwalimu wa mshahara wa 60,000 sharti abaki na angalau 20,000. Lakini katika miaka ya karibuni makato ya lazima yameongezeka: ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, na mchango wa bima ya afya ya jamii wa asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024. Kwa mshahara huo, mawili hayo pekee ni 2,550, kabla ya kodi ya mapato na malipo ya uzeeni. Anayekopa hadi kugusa ukingo wa thuluthi hana tena pa kukimbilia mtoto anapougua au karo inapodaiwa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Ipo kauli mbili ambazo huzuia watu kufikiri sawasawa kuhusu jambo hili. Ya kwanza ni ya mwenye kushikilia: “Nimelitengeneza sana gari hili, siwezi kuliuza sasa.” Fedha zilizokwisha kutumika hazirudi, uliuze gari au usiliuze, kwa hivyo hazina nafasi katika uamuzi wa kesho. Kauli ya pili ni ya mwenye kutamani: “Gari lina thamani ya 350,000, kwa nini nilitie 90,000?” Hii pia ni hesabu potofu. Gharama ya matengenezo isilinganishwe na bei ya kuliuza gari. Ilinganishwe na gharama ya njia nyingine iliyopo.

Tufanye ulinganifu huo kwa miaka minne. Akilibakiza gari lake, atalipa 90,000 sasa, na tuseme 100,000 za matengenezo kila mwaka, yaani 400,000. Bima ya kuwafidia watu wengine, kwa makadirio ya 8,000 kwa mwaka, ni 32,000. Thamani ya gari nayo itashuka, tuseme kutoka 350,000 hadi 200,000, hasara ya 150,000. Jumla ni 672,000.

Akilibadilisha, riba ni 280,000. Bima kamili, kwa makadirio ya 50,000 kwa mwaka, ni 200,000. Huduma na matengenezo, tuseme nusu ya yale ya gari kuukuu, ni 200,000. Kushuka kwa thamani kutoka 1,250,000 hadi 800,000 ni 450,000. Jumla ni 1,130,000. Tofauti ni 458,000, karibu 9,500 kila mwezi kwa miezi 48. Kwa maneno mengine, matengenezo ya gari kuukuu yangepaswa kuvuka 214,000 kila mwaka, kwa miaka minne mfululizo, kabla ya kulibadilisha kuwa nafuu.

Kila msomaji abadilishe tarakimu hizi zilingane na hali yake. Mwenye injini kubwa inayobugia mafuta atie tofauti ya petroli katika hesabu, hasa baada ya mafuta kuongezewa VAT kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, mwaka ambao bei ya petroli jijini Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa lita. Akumbuke pia kwamba bima kamili hununua kitu halisi: gari likiibwa au likiteketea, mwenye bima ya watu wengine hapati fidia ya gari lake. Lililo muhimu ni kwamba hesabu ifanywe, tena iandikwe, kabla ya miguu kuelekea uani kwa muuzaji.

Je, nasema basi kila gari litengenezwe hata libomoke? La hasha. Kuna mpaka, na mpaka huo hauwekwi na fedha. Unawekwa na usalama wa watu. Gari ambalo fremu yake imeliwa na kutu, jambo la kawaida kwa magari yaliyokaa Pwani kwenye hewa ya chumvi, haliokolewi kwa rangi. Gari ambalo breki zake hutengenezwa leo zikalegea mwezi ujao limekwisha kusema neno lake. Mkanda wa kiti usiojifunga, usukani wenye mchezo, vipuri ambavyo havipatikani tena ila vya kuchongwa: hizi ni dalili za kuaga. Hali kadhalika, gari likimkosesha mwalimu vipindi vya asubuhi kila juma, gharama yake imevuka mfuko wake na kuwafikia wanafunzi arobaini wanaosubiri darasani.

Katika jambo la usalama tuanze na vitu vidogo. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa na meno mazuri. Wapo watu waliouza gari kwa kuliogopa, ilhali kilichokuwa kimezeeka ni matairi manne. Wapo pia waliolipa mamia ya maelfu kwa gari “jipya” lenye matairi yaliyozeeka kuliko yale waliyoyaacha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza uujue ufa uko wapi.

Watu wa mazingira watasema kwamba gari kuukuu huchafua hewa. Wanasema kweli, hasa likiwa halihudumiwi. Lakini kuunda gari jingine nako hutumia chuma, mafuta na umeme mwingi, na gari tulilouza halipotei: hununuliwa na mwingine, likaendelea kutoa moshi kwa jina jipya. Ikiwa lengo ni hewa safi, injini inayohudumiwa kwa wakati ni hatua ya kwanza, na usafiri bora wa umma ni hatua kubwa zaidi.

Hapo serikali ina la kujibu. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Pendekezo hilo liliondolewa, na mswada mzima ukakataliwa na Rais Juni mwaka huo baada ya maandamano ya vijana. Hata hivyo, fikra iliyolizaa haijafa: kwamba mwenye gari ni tajiri. Mwalimu anayefundisha mahali ambapo matatu hupita mara mbili kwa siku hanunui gari kwa anasa. Wanaotunga sera wangetusaidia zaidi wakihakikisha kwamba ukaguzi wa magari unapima hali ya gari kuliko umri wake, kwamba vipuri bandia vinaondolewa madukani, na kwamba fundi wa jua kali anapata njia nyepesi ya kupimwa na kupewa cheti cha ufundi. Gari kuukuu mikononi mwa fundi hodari ni mali. Mikononi mwa mbabaishaji ni hatari kwa kila mtumiaji wa barabara.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo gumu zaidi kulitia katika hesabu: haya. Mwenzangu alikiri, baada ya kikombe cha pili cha chai, kwamba rediata haikumuudhi sana. Kilichomuudhi ni mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi mfanyabiashara, aliyesimamisha gari lake linalong’aa kando yake kwenye kituo cha petroli na kumwuliza, kwa heshima zote, “Mwalimu, bado tu unaendesha hili?” Sikumcheka. Walimu tumefunzwa kwamba jamii hutupima kwa macho. Lakini haya ile ilikuwa ikimwelekeza kulipa 24,600 kila mwezi kwa miaka minne ili kujibu swali la mtu aliyekwisha kuondoka.

Tuliketi tukaandika tarakimu nilizozitaja hapo juu. Hakuamua siku hiyo. Baada ya juma moja alirudi gerejini, akalipa breki na mkanda wa injini kwanza, na rediata na springi mwezi uliofuata. Fomu ya mkopo hakuichana. Aliikunja akaitia katika daftari, na juu ya ukurasa akaandika mambo matatu yatakayomfanya aitoe: kutu ikifika kwenye fremu, breki zikilegea tena kabla ya mwaka, au matengenezo yakipita 214,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Kila mwezi huweka akiba ya 10,000 katika chama chake cha ushirika. Siku ya kulibadilisha gari itafika, kama ifikavyo kwa kila gari. Akiifikia na akiba hiyo, mkopo atakaouhitaji utakuwa mdogo, na muuzaji atamkuta ana subira ya kukagua.

Msomaji ambaye naye ana karatasi mbili mkononi likizo hii, namsihi atafute ya tatu, iliyo tupu, na kalamu. Aketi na fundi anayemwamini na mwenzake wa nyumbani, waandike wanachokijua kuhusu gari walilo nalo, na wasichokijua kuhusu lile wanalolitamani. Kisha ndipo aamue.